Tezi, Mionzi na Risasi: Historia ya Maneno ya Kunusuru Viungo Jirani katika Tiba ya Saratani ya Tezi Dume

Mwaka 2019 jirani yangu mmoja wa Jang'ombe, mzee mstaafu wa serikali, alinijia barazani baada ya sala ya alasiri akiwa na karatasi mkononi. "Maalim," alisema, "nisomee waraka huu. Miwani yangu haifai tena, na Kiingereza chenyewe ni kikubwa." Waraka ulikuwa na masharti ya kujitayarisha kwa mgonjwa wa saratani ya tezi dume anayekwenda kupigwa picha za kupangia tiba ya mionzi. Nikamfasiria papo kwa papo, kama tufanyavyo sote tunaojidai kuwa tunajua: aende na tumbo tupu na kibofu kilichojaa. Mzee akashukuru, akaikunja karatasi, akaondoka. Hakuuliza kibofu kijae nini, kwani mtu wa umri wake haulizi mambo ya namna hiyo mbele ya vijana wanaocheza dhumna hatua mbili kutoka alipokaa.

Alivuka kwenda Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi. Madhali aliambiwa tumbo tupu, alifunga kama aliyenuia saumu: hakula tangu usiku, wala hakunywa maji, maana maji nayo huingia tumboni. Alifika mbele ya wauguzi na kibofu kikavu, ilhali sehemu ya mwisho ya utumbo wake ilikuwa imejaa. Yote mawili yalikuwa kinyume cha matakwa ya waraka. Picha hazikupigwa siku ile. Ikambidi akae kwa jamaa yake mpaka apangiwe siku nyingine. Kosa halikuwa la walioandika waraka, wala halikuwa la mzee. Lilikuwa la mfasiri, nami ndiye mfasiri mwenyewe.

Makala haya yametokana na kosa hilo. Yanakusudia kueleza jinsi elimu ya kuunguza saratani ya tezi dume bila ya kuunguza viungo vilivyo karibu nayo ilivyokua tangu mwishoni mwa karne ya 19, na jinsi Kiswahili kilivyokuwa kikiifuata nyuma kwa maneno, mara kwa hatua ndefu, mara kwa kujikwaa.

Hatuna budi kuanza na tezi yenyewe. Mtu wa pwani aliyelelewa karibu na vyombo anajua kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya jahazi, kama omo ilivyo sehemu ya mbele, na wahenga wamesema kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ya mwilini ni neno jingine lenye sauti ile ile. Kwa wazee lilikuwa na maana ya uvimbe, hususan ule wa shingoni, kabla ya wataalamu kulipa maana ya kiungo kinachotoa maji maalumu ya mwili. Maana hizo mbili, ya uvimbe na ya kiungo, hazijaachana mpaka leo, na hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Mtu husema, "Fulani ana tezi dume," akikusudia kuwa fulani ni mgonjwa, kana kwamba wanaume wazima hawanayo. Kila mwanamume anayo tangu kuzaliwa. Inaweza kukua kwa uzee tu bila ya saratani, na inaweza kupata saratani bila ya kukua sana. Wako waliopendelea kuiita tezi kibofu, na istilahi hiyo hutumika zaidi katika maandishi ya Kenya. Ina ubora wa kuonyesha mahali tezi ilipo, lakini ina udhaifu wa kumfanya msomaji adhani kwamba ni sehemu ya kibofu. Mimi nashika tezi dume kwa sababu ndiyo isemwayo, bali nasisitiza kwamba mwandishi aandike "saratani ya tezi dume" au "kukua kwa tezi dume", asiliache jina la kiungo lisimame peke yake mahali pa jina la maradhi.

Kwa kijana tezi hii ni ndogo. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Nyuma yake, kwa umbali wa milimita chache tu, upo ukuta wa mbele wa puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Juu kidogo huweza kuteremka vitanzi vya utumbo mwembamba, na pande mbili zipo ncha za mifupa ya mapaja zinazoingia katika nyonga. Msomaji akiifahamu ramani hii fupi ataona mara moja kwa nini madaktari walihangaika kwa miaka mia moja. Anayetaka kuipiga tezi hiyo kwa mionzi ni kama mtu anayetaka kuteketeza chumba kimoja katika nyumba za Mji Mkongwe, ambamo ukuta wa mtu ni ukuta wa jirani yake.

Wilhelm Röntgen aligundua miale yake mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na kwa kuwa hakuijua ni kitu gani aliipa herufi ambayo katika hesabu husimama badala ya jambo lisilojulikana. Sisi tulilipokea jina hilo kwa sikio tu, tukapata eksirei. Mwaka 1896 Henri Becquerel akaona kwamba chumvi za urani hutoa mnururisho wake wenyewe, na mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakatangaza radi... nimekusudia kuandika radiamu, lakini kalamu iliponiteleza imenikumbusha jambo nitakalolirudia. Haikupita miaka mingi kabla ya madaktari wa Paris kuanza kutia radiamu ndani ya mrija wa mkojo ili iwe karibu na tezi, na katika muongo wa 1910 Hugh Young wa Baltimore na Benjamin Barringer wa New York walikuwa wakifanya kazi hiyo, huyu wa pili kwa kudunga sindano zenye mnururisho ndani ya tezi yenyewe. Wagonjwa wengine walipata nafuu. Wengi walipata vidonda vya puru na vya kibofu ambavyo havikupona upesi.

Kwa jambo lote hilo Kiswahili kilihitaji jina. Neno mwonzi lilikuwapo tayari: ni ule mshale wa nuru upenyao katika tundu la paa au ufa wa dirisha, ambao mtoto hujaribu kuukamata kwa mkono. Wingi wake, mionzi, ukatosha. Wataalamu wa istilahi walijaribu pia mnunurisho, mnururisho na unururifu, yote yakitokana na nuru, nayo yana kazi yake katika vitabu vya fizikia. Lakini serikali ilipotunga sheria ya kujikinga na madhara ya vitu hivyo mwaka 1983, chombo kilichoundwa kiliitwa Tume ya Taifa ya Mionzi, na kwa jina hilo neno liliingia katika barua za ofisi na halikutoka tena, hata baada ya sheria ya 2003 kuleta Tume ya Nguvu za Atomiki mahali pake. Katika Kenya wako waandikao tibaredio. Sina ugomvi nalo, ila naona kwamba mgonjwa anayejua mwonzi wa jua ana pa kuanzia, na anayesikia redio ataanza na taarifa ya habari.

Ama saratani, neno hili ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, mnyama yule wa pwani. Wagiriki na Walatini nao walilipa gonjwa hili jina la kaa, na nyota ya Saratani katika buruji kumi na mbili ni kaa huyo huyo. Kansa limepita njia ya Kiingereza kutoka Kilatini. Basi mwandishi wa Unguja anayekataa kansa na mwandishi wa bara anayekataa saratani wanagombania kaa mmoja.

Nirudi kwenye kosa la kalamu. Kipimo cha mionzi kinachoingia mwilini kilihesabiwa kwa miaka mingi kwa kizio kiitwacho rad. Mtohozi yeyote anayefuata kanuni ya kuongeza irabu mwishoni angelipata "radi", na mgonjwa angelisoma kwamba atapigwa radi elfu sita katika nyonga. Mwaka 1975 mkutano wa kimataifa wa vipimo ulipitisha kizio kipya, gray, kwa heshima ya mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray, nasi tukaepushwa na balaa la radi bila ya juhudi yetu. Grei moja ni sawa na rad 100. Nawakumbusha hesabu hii makarani wanaonakili majalada ya zamani, kwa sababu anayebadilisha kizio bila ya kubadilisha tarakimu amezidisha mara mia.

Ugunduzi uliowanusuru majirani wa tezi kwa mara ya kwanza haukuwa wa mtambo. Ulitoka kwa kondoo dume. Katika miaka ya 1920 Claude Regaud na wenzake wa Taasisi ya Radiamu mjini Paris walitaka kuwahasi kondoo kwa mionzi. Walipotoa dozi yote kwa mara moja, ngozi iliungua vibaya. Walipoigawa dozi kwa siku kadhaa, kondoo alihasika na ngozi yake ikabaki salama au karibu na salama. Kumbe nyama nzima ya mwili hupata nafasi ya kujitengeneza baina ya pigo na pigo, na chembe zinazozaana kwa kasi hazipati nafasi hiyo kwa kiasi kile kile. Tangu hapo tiba ya mionzi duniani kote hutolewa kidogo kidogo.

Hicho kidogo kidogo tukiiteje? Katika hesabu za skuli tunasema sehemu, lakini mgonjwa akiambiwa amepata sehemu ishirini za mionzi atauliza ni sehemu zipi za mwili. Wengine husema awamu, neno ambalo tumelizoea kwa serikali. Nimesikiliza wanawake wanaouza muhogo na dagaa jioni katika njia za Jang'ombe: wanapanga mafungu, kila fungu na bei yake, na mnunuzi anajua kwamba mafungu yote ni ya mzigo mmoja. Fungu ndilo neno. Dozi yote ni mzigo, na kila siku mgonjwa anachukua fungu. Na hapa niseme kwamba dozi ni bora kuliko kipimo, kwani kipimo hospitalini ni uchunguzi wa damu au wa mkojo, na mgonjwa aliyeambiwa "kipimo cha mionzi" hukaa akingoja majibu.

Tarehe 27 Oktoba 1951 mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mtambo wa kobalti-60 katika mji wa London, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Mionzi ya kobalti ilipenya ndani zaidi kuliko eksirei za zamani na haikuichoma sana ngozi, na mtambo wenyewe haukuhitaji mambo mengi. Kwa hiyo ndio ulioenea katika nchi zetu. Hospitali ya Ocean Road ya Dar es Salaam, ambayo Wajerumani waliifungua mwaka 1897, ilianza kutoa huduma za saratani katika miaka ya 1980, na mwaka 1996 ikafanywa kwa sheria kuwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Kwa miongo mingi mgonjwa wa Unguja alipokwisha kuonekana Mnazi Mmoja, hospitali ambayo baada ya Mapinduzi ilipata kuitwa V. I. Lenin, na ikaonekana kuwa anahitaji mionzi, njia yake ilikuwa ni kuvuka bahari kwenda huko, au kwa wachache wenye uwezo au waliopelekwa na serikali, kwenda India. Uzito wa kuwa na mtambo mmoja tu waliuonja jirani zetu wa Uganda mwaka 2016, mtambo wa kobalti wa Mulago uliokuwapo tangu 1995 ulipoharibika usitengenezeke tena.

Kwa mtambo wa kobalti madaktari waliipiga tezi dume kutoka pande nne, mbele, nyuma, kulia na kushoto, ili dozi ikutane katikati na kila njia ibebe robo yake. Umbo la njia hizo lilikuwa la pembe nne, ilhali tezi si ya pembe nne. Pembe zilizozidi zilizibwa kwa matofali ya madini mazito, na madini yaliyojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni risasi. Sasa na tutazame neno hili. Kwa Kiarabu asili yake ni madini, na kwa Kiswahili ni madini na ni kile kitokacho katika bunduki. Muuguzi akimwambia mzee aliyelala kitandani, peke yake katika chumba chenye mlango mzito, kwamba watamwekea risasi ili kuzuia mionzi, asistaajabu mzee akitaka kushuka. Ni jambo dogo kurekebisha: mwandishi aseme "madini ya risasi" kila mara, au "kizuizi cha risasi", wala asiliache neno peke yake.

Vizuizi hivyo vilisaidia, lakini ukuta wa mbele wa puru uliendelea kupata karibu dozi ile ile ya tezi. Hii ndiyo sababu, kwa muda mrefu, madaktari walisimama kwenye grei 65 hadi 70 hivi. Walijua kwamba dozi kubwa zaidi ingeua saratani zaidi. Walizuiwa na jirani. Malcolm Bagshaw na wenzake wa Stanford, Marekani, ambao mwaka 1965 walichapisha matokeo ya kutibu tezi dume kwa mtambo wa kuchapuza elektroni, walionyesha kwamba maradhi haya yanaweza kuponywa kwa mionzi, lakini hata wao hawakuweza kuiona tezi wakati wa kuipiga. Walikisia kwa mifupa.

Kuona kulikuja kwa picha za vipande, ambazo hospitalini huitwa siti skani. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hizo Uingereza mwaka 1971 kwa mtambo wa Godfrey Hounsfield. Katika miaka ya 1980 na 1990 kompyuta ikaziunganisha picha hizo, daktari akachora mpaka wa tezi, mpaka wa puru na mpaka wa kibofu, na mtambo ukafundishwa kuufuata mchoro. Badala ya matofali, kwenye mdomo wa mtambo zikawekwa safu mbili za vibao vyembamba vya tangisteni ambavyo kila kimoja hutoka na kuingia peke yake. Waingereza huviita kwa neno la jani, na tayari nimeona tafsiri isemayo "majani". Fundi seremala yeyote angelitupa papi, mapapi, nasi tungelielewa. Daktari huongeza nje ya mpaka wa tezi nafasi ya milimita kadhaa kwa ajili ya kutikisika kwa viungo; hiyo naiita pambizo, kama ya ukurasa wa daftari. Pambizo ikiwa pana, puru inaungua. Ikiwa nyembamba mno, saratani inaponyoka. Ocean Road ilipata mitambo miwili ya kuchapuza elektroni mwaka 2018, na mambo haya yakawa ni ya Kiswahili, kwa maana ya kwamba yanapaswa kuelezwa kwa Kiswahili kila siku ya kazi.

Faida yake haikuishia kwenye puru. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa wanaume zaidi ya 3,200, uliochapishwa mwaka 2016, ulilinganisha grei 74 katika mafungu 37 na grei 60 katika mafungu 20. Matokeo ya mafungu 20 hayakuwa dhaifu. Dozi kubwa zaidi kwa kila fungu inawezekana pale tu majirani wanapohifadhiwa vizuri. Kwa mtu wa Jang'ombe tofauti hiyo ni kulala kwa jamaa wa Dar es Salaam wiki nne badala ya saba na nusu, na wenyeji wa pwani wanajua mgeni huanza kupewa jembe siku ya ngapi.

Sasa nifike kwenye kitenzi, ambacho ndicho kilichonitaabisha kuliko nomino zote. Tuseme viungo jirani vinafanywaje? Vitabu husema vinakingwa. Lakini kinga ni neno linaloahidi. Ni ngao, ni chanjo, ni mwavuli, aliyekingwa hakufikiwa. Katika tiba hii puru hufikiwa kila siku, ila kwa dozi ndogo. Madhara ya awali, kama vile haja ndogo ya mara kwa mara na tumbo la kuendesha, hutokea katika wiki za tiba. Madhara ya baadaye, kama vile damu katika choo, huweza kutokea baada ya miezi au miaka. Mtu aliyeambiwa kwamba puru yake imekingwa, akiona damu mwaka wa pili, atahukumu ama kwamba saratani imerudi ama kwamba daktari alimdanganya, na katika hali zote mbili huenda asirudi hospitali. Kwa hiyo nimechagua kunusuru kwa kichwa cha habari, kwani anayenusuriwa amekuwa hatarini kweli na huenda ana mkwaruzo. Na katika maelezo kwa mgonjwa nasema wazi "kupunguzia mionzi viungo jirani". Kukinga kubaki kwa vile ambavyo havifikiwi: mtumishi aliye nyuma ya ukuta mnene, kwa mfano. Kuna pia jeli ambayo tangu 2015 imeruhusiwa nchini Marekani kudungwa baina ya tezi na puru ili kuvitenga kwa kiasi cha sentimita moja, kisha ikayeyuka yenyewe baada ya miezi. Kitenganishi kinatosha kuwa jina lake.

Na kitenzi kingine ni kile cha wagonjwa wenyewe: kuchomwa mionzi. Kimetokana na kuchomwa sindano, yaani kudungwa, lakini kuchoma ni kuunguza pia, na nimesikia mwanamume akisema hatakwenda kuchomwa akiwa hai. Kupigwa mionzi si kutamu zaidi, walakini tumekwisha zoea kupigwa picha bila ya kuumia. Nakiri kwamba mwanzoni mwa makala haya nimeandika "kuunguza", na sikulifuta.

Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya Baraza la Kiswahili la Taifa vilivyoanza kutolewa katika miaka ya 1970, na Kamusi ya Tiba ya TUKI ya mwaka 2003, vimetufungulia njia katika mengi ya haya. Lakini kamusi haiwezi kumlinda mfasiri na adabu yake mwenyewe. Nilijua neno puru siku ile barazani. Sikulisema kwa sababu niliona haya, nikakimbilia "tumbo", na aliyelipa haya yangu ni mzee. Baadaye niliwauliza wacheza dhumna maana ya puru: wawili kati ya saba walilijua.

Mzee aliporudi kutoka Dar es Salaam nilimpelekea tafsiri mpya niliyoiandika kwa mkono, yenye puru, kibofu cha mkojo na kila kitu mahali pake. Aliisoma kwa sauti ya chini mara mbili, kwa miwani mipya. Kisha akaniomba kalamu. "Wewe umeandika viungo, Maalim. Mimi nataka kujua nifanye nini, na kipi kabla ya kipi." Akapiga mstari, akaandika chini yake kwa hati yake ya kiofisi: Nenda choo kikubwa kwanza. Kisha kojoa. Kisha kunywa maji uliyopimiwa. Usikojoe tena mpaka utoke chumbani.